Mgeni wa Tatu

"Mimi naona bicha yangu bekee," alilalamika Adeer Warfa kutoka Elwak. "Watu wengine wako wapi? Hii kitu nafanya kazi kweli, Koome?"

"Inafanya, mzee. Subiri kidogo tu, wanaingia."

"Na hii uso naniangalia hifi, ni yangu?"

"Ni yako, mzee."

"Wallahi nimezeeka."

Koome alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Sharifo hakucheka. Angecheka vipi, na leo ndiyo leo? Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya ofisi, viganja vimelowa jasho ingawa feni ilizunguka juu yake kwa nguvu zote. Kando yake mamaake, Hooyo Bishara, alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri imeshaswaliwa, na ofisi ya shirika la afya ya mifugo pale Garissa haikuwa na mtu mwingine. Funguo alikuwa nazo Koome, kijana wa Meru aliyeletwa kuangalia kompyuta. Mwezi ule alikuwa amepewa kazi ya kujaribu Jamvi, njia mpya ya kukutana mtandaoni, kabla shirika halijaamua kama litaichukua. Kwa wiki tatu watu wa ofisi walikuwa wamekutana humo kila Jumatatu, na Koome hakuridhika.

"Hapa kila mtu ana kompyuta nzuri," alikuwa amesema. "Hilo si jaribio. Nataka watu wenye simu kuukuu, mtandao mbovu, na wasiojua hata pa kubonyeza."

Sharifo hakujua mdomo wake ulipata wapi ujasiri. "Mimi ninao watu wa namna hiyo," akasema. "Ni wazee wetu. Wana mkutano, na barabara zimekatika."

Mkutano wenyewe ulikuwa wa posa yake.

Sasa, kabla ya kwenda mbele, mjue huyo aliyekuwa anaposa. Abdilatif alikuwa daktari wa mifugo wa shirika kule Eldas. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, tangu kabla ya Jamvi, alitoa ripoti yake mtandaoni, na Sharifo ndiye aliyeiandika: ngamia wangapi wamechanjwa, kisima kipi kimekauka, mbuzi wa nani wanakohoa. Mapenzi gani hayo, utasema, ya mbuzi wanaokohoa? Lakini ndivyo yalivyoanza. Ripoti ya dakika tano ikawa ya kumi. Mkutano ukiisha wenzao walitoka mmoja mmoja, na kila mara nyuso mbili zilibaki kwenye skrini.

"Toka wewe kwanza," Sharifo angesema.

"Mimi ni mgeni. Mgeni hamtangulii mwenyeji kuondoka."

"Huo ni uongo, Abdilatif. Mgeni ndiye anayeondoka."

"Basi niage vizuri."

Ana kwa ana walikuwa wamekutana mara tatu tu katika mwaka mmoja na nusu, na mara zote mbele za watu. Mara ya tatu, kwenye mafunzo, alimwambia kwa haraka, macho yakiwa chini: "Nitamtuma adeer wangu kwenu. Ukiona ni makosa, sema sasa." Sharifo hakusema. Alikwenda bafuni akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kwenye mafunzo.

Tatizo lilikuwa Warfa.

Babake Sharifo alifariki binti akiwa na miaka tisa, na Warfa, ndugu wa baba, ndiye aliyemlea na ndiye walii wake wa kumwoza. Sharifo alimwita adeer, yaani ndugu wa babake, na kwa desturi yao mzee naye alimwita hivyo hivyo, adeer. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo mwenye sauti nzito na moyo laini, na hakuna mtu ambaye Sharifo alimpenda zaidi baada ya mamaake. Lakini neno la posa likitajwa, Warfa aligeuka jiwe.

Sababu ilikuwa Khadra, dada mkubwa wa Sharifo. Khadra alipoposwa, alikuwa anasomea uuguzi. Wazee wa yule bwana waliulizwa kama ataendelea na masomo, nao wakasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chai ikapoa. Kabla ndoa haijatimiza mwezi, vitabu vikafungiwa ndani ya sanduku. Baada ya miaka mitatu Warfa aliendesha gari mwenyewe kwenda kumchukua, akamrudisha na mtoto mmoja na begi moja. Tangu hapo alisema wazi: bintiye wa pili hatamtoa kwa maneno matamu.

Posa ya kwanza ya Abdilatif, Warfa alituma habari kwamba ana shughuli za ngamia. Ya pili alikubali kuja, mvua ikakata barabara na lori lake likazama matopeni siku mbili. Hapo Abdisalam, adeer wa Abdilatif aliyemlea na kumsomesha, akachoka. "Tunaomba mke, hatuombi radhi," alisema. "Mara ya tatu ikishindikana, tunageuza uso kwingine." Na Abdilatif hakuwa mtu wa kuoa kwa kuwaruka wazee wake, kama ambavyo Sharifo hakuwa mtu wa kuolewa bila Warfa.

Hii ndiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Wote wameingia," Koome alisema. "Eldas, kwa akina Abdilatif, ndiye Mgeni wa Kwanza, mzee wao wa Diff ni wa Pili, Elwak wa Tatu, na simu ya mama hapa ni ya Nne. Hawajajiandikisha, ndiyo maana Jamvi linawaita wageni tu." Akainama kwenye kompyuta. "Wazee, samahani! Mtandao umelemewa. Naomba kila mtu afunge picha, abaki na sauti peke yake."

"Afadhali," alisema Warfa. "Ule mzee alikuwa nanitisha."

Nyuso zikazimika moja baada ya nyingine. Sharifo aliuona uso wa Abdilatif kwa nukta moja nyuma ya bega la adeer wake, kofia nyeupe, macho yanayotafuta kitu kwenye skrini, kisha naye akazimika.

Koome alichukua kikombe chake. "Mimi nitakuwa nje. Mambo ya posa najua ya kwetu Meru, na hata hayo sijayamaliza. Sharifo, wewe ndiye mwenyeji wa mkutano. Vitufe unavijua."

"Navijua."

Mlango ulipofungwa, Hooyo Bishara alimgeukia bintiye. "Sikiliza, mama. Msichana hakai kwenye kikao cha posa yake. Wewe hapa ni fundi. Fundi hana mdomo."

"Ndiyo, hooyo." Sharifo akafunga maiki yake, akavaa vidude vya masikioni, akakunja mikono mapajani.

Mazungumzo yakawa ya Kisomali, nami nawaletea kwa Kiswahili chetu. Abdisalam alifungua kwa dua, akauliza habari za mvua, za malisho, za wagonjwa, za mifugo ya kila mtu. Hakuna haraka katika mambo hayo, hata mtandao ukatekatike. Kisha akasema, "Warfa, unajua kilichotuleta. Tuna kijana, ninyi mna binti. Tunaomba."

"Mmeomba vizuri," Warfa akajibu. "Nami sitazunguka. Nina masharti mawili. La kwanza, Sharifo asiachishwe kazi yake. La pili, asihamishwe Garissa ila kwa neno lake mwenyewe. Akitaka kwenda, aende. Asipotaka, asilazimishwe. Hayo tu."

Sharifo alijua hayo yangewakwaza wapi. Kazi ya Abdilatif ilikuwa Eldas, nyumba yake Eldas, na wazee wake wangeambiwa nini na watu? Kwamba wameoa mke anayekaa kwao?

"Hayo mawili ni mazito," Abdisalam alisema hatimaye. "Tupe nafasi tushauriane. Lakini kwa kawaida tungeinuka tukaenda kando, nanyi mkabaki na yenu. Sasa hapa tunainukaje?"

"Kuna vyumba, adeer," ilisikika sauti ya kijana. "Mwenyeji anaweza kutugawa."

Mzee Abdiwali wa Diff, mkubwa kuliko wote upande ule, akacheka. "Bwana harusi amesema! Haya, hatujasikia kitu."

Hata Hooyo Bishara alitabasamu. "Wagawe," akamwambia Sharifo kwa kunong'ona.

Hapa ndipo alipokosea, na ukitaka kumlaumu, kumbuka alikuwa na hali gani. Kila Jumatatu ofisini Sharifo aligawa watu vyumba viwili, na kila Jumatatu alibonyeza kitufe kile kile, kile kinachogawa chenyewe. Meneja alitaka hivyo makusudi, watu wa vituo mbalimbali wachanganyike. Kidole chake kilikuwa kimezoea. Kikabonyeza.

Na Jamvi, lisilojua ukoo wala aliyekuja kuposa, likagawa wageni wanne mafungu mawili sawasawa.

Hooyo Bishara aliisogeza simu mdomoni. "Warfa, sasa tuko peke yetu. Usiwe mkali hivyo. Yule kijana ni mtu mzuri, na binti hali chakula wiki ya pili hii."

"Pole sana," simu ikajibu. "Mpe maziwa ya ngamia. Lakini mimi si Warfa. Mimi ni Abdiwali wa Diff."

Hooyo aliitazama simu kana kwamba imemng'ata. "Abdiwali? Unafanya nini upande wetu?"

"Nami nataka kukuuliza hivyo hivyo, Bishara."

Sharifo aliangalia orodha kwenye skrini. Chumba cha pili: Mgeni wa Pili, Mgeni wa Nne. Chumba cha kwanza: Mgeni wa Kwanza na Mgeni wa Tatu. Ya Allah! Eldas na Elwak. Abdisalam alikuwa anashauriana na nduguze akiamini kwamba aliyemo naye ni Abdiwali, kumbe aliyemo ni Warfa mwenyewe!

"Watoe!" Hooyo alinong'ona. "Watoe upesi!"

Kuwarudisha wote kwa mpigo kungewakata katikati ya neno, na kila mtu angejua papo hapo kilichotokea. Bora aingie, aseme samahani, awaombe watoke. Alibonyeza kuingia chumba cha kwanza. Kidole kilikuwa tayari juu ya maiki. Kisha sauti ya Abdisalam ikamfika masikioni.

"...tukubali tu, tumalize. Leo tuseme ndiyo. Kazi, ndiyo. Garissa, ndiyo. Mwanamke akishaingia nyumbani, akapata mtoto mmoja, wawili, hiyo kazi ataiacha mwenyewe. Nani atakuja kutuuliza?"

Sharifo alifumba macho. Kwisha. Yale yale. Maneno yale yale yaliyomfungia Khadra vitabu vyake sandukuni, na Warfa anayasikia kwa masikio yake mawili. Hata angefungua maiki sasa, angesema nini? Neno likishatoka halirudi.

"Abdiwali, unasemaje?" Abdisalam aliuliza. Hakujibiwa. "Mtandao wa Diff nao! Haya, Abdilatif, wewe je? Umenyamaza."

"Adeer, nipe ruhusa niseme jambo."

"Sema."

"Hiyo ndiyo ya uongo sitaki isemwe kwa jina langu."

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Kidole kiko juu ya maiki, na mtu unayempenda anaanza kusema kilichomo moyoni akidhani humsikii. Ungebonyeza? Sema kweli. Sharifo hakubonyeza.

"Una wazimu?" Abdisalam alisema. "Mwaka mzima unatusumbua na huyu binti. Leo tunakutafutia njia, unaikataa?"

"Si njia, adeer. Ni mtego. Nisamehe, nakuheshimu kama baba, lakini watu wale walishafanyiwa hivyo na binti wao wa kwanza. Nikimpata Sharifo kwa uongo, sitakuwa nimempata. Nitakuwa nimemwiba."

"Na watu watasemaje? Mke Garissa, mume Eldas?"

"Mume hatakuwa Eldas. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Garissa. Leo ni wiki ya tano. Sijamwambia mtu, hata yeye simwambii, kwa sababu huenda wakakataa. Wakikataa, nitakwenda na kurudi. Watu wanafuata ngamia mpaka mpakani na kurudi, mimi nishindwe kumfuata mke wangu?"

Abdisalam alipumua kwa nguvu. "Kwa ajili ya kazi ya mwanamke?"

"Adeer, sasa nitasema jambo la aibu, na ukitaka unipige. Unakumbuka mwaka jana ngamia walipoanza kufa huku? Aliyegundua ni yeye. Mimi niko hapa na dawa zangu, sikuona. Yeye yuko Garissa, anasoma ripoti zangu tu, akanipigia: Abdilatif, wanaokufa wote wananywa kisima kimoja, nenda kaangalie. Nikaenda, na ilikuwa kweli. Ngamia wako ishirini na wawili unaowahesabu asubuhi ni yeye aliyekuachia. Mtu wa namna hiyo nimfungie jikoni, halafu nijiite nimeoa? Mimi nampenda akiwa vile vile alivyo. Na Jumatatu ikikaribia, adeer, sili vizuri. Basi. Nimemaliza."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Sharifo, na hakuyafuta. Wiki ya tano! Jumatatu tano alimsikiliza akitoa ripoti za minyoo na chanjo, na barua ile ameificha kifuani kwake. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumkaripia, alitaka kuingia ndani ya ile skrini.

"Nini?" Hooyo alimvuta mkono. "Wanasema nini? Wanatutukana?"

Sharifo alitikisa kichwa.

Halafu, chumba cha kwanza, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito cha mtu wa sigara aliyeacha sigara, na Sharifo alikijua tangu utotoni.

"Abdiwali?" aliuliza Abdisalam.

"Assalamu aleikum," ilisema sauti. "Si Abdiwali. Mimi ni Warfa."

Kule Eldas kitu kilidondoka, kikavunjika.

"Wallahi sikuja kusikiliza mlangoni," Warfa aliendelea polepole. "Niliwekwa humu. Mwanzoni nilidhani bado tuko wote. Nilipofahamu, mdomo ukawa mzito. Mnisamehe."

"Warfa," Abdisalam alianza, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Yale niliyosema..."

"Yapi?"

"Yale ya..."

"Abdisalam, wewe sijakusikia kitu. Mtandao wa Elwak unaujua, unakuja na kwenda. Sauti ilikuwa inakatika tu, krr, krr. Aliyekuja wazi ni huyu kijana peke yake."

Aibu aliyokuwa ameivaa Abdisalam ilikuwa imevuliwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumvisha nyingine juu yake. "Allah akuhifadhi, Warfa," alisema mwishowe.

"Na wewe pia. Abdilatif!"

"Naam, adeer."

"Hiyo barua ya uhamisho, unayo nakala?"

"Ninayo."

"Usiniletee. Nilitaka kujua tu utajibu kwa haraka gani." Akakohoa tena. "Sharifo ametufungia wapi? Adeer, kama unatusikia, na najua unatusikia kwa sababu nakujua tangu ulipokuwa unajificha nyuma ya pazia wageni wakija, turudishe sote mahali pamoja."

Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Alibonyeza, na wageni wote wanne wakarudi kwenye kikao kikubwa, Mzee Abdiwali akilalamika kwamba yeye na Bishara walikuwa wamefika pazuri kwenye habari za maziwa.

"Wazee," Warfa alisema. "Masharti yangu yamejibiwa. Namtoa binti yangu kwa Abdilatif, kama yeye mwenyewe amekubali."

"Allahu Akbar!" alisema Mzee Abdiwali.

"Ngojeni. Nimesema, kama yeye amekubali. Sharifo. Umemsikia mtu aliyekuposa. Unasemaje?"

Wote wakangoja. Sharifo aliangalia chini, mikono mapajani, midomo ameibana kama desturi inavyotaka, na moyo unapiga kelele ambazo angeapa zinafika Diff.

"Amenyamaza," Hooyo Bishara alisema kwa furaha, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake wa shashi. "Kimya cha binti ni ridhaa, Warfa. Tusome Fatiha."

"Hapana, Bishara."

"Hapana nini?"

"Khadra nilimuuliza hivi hivi." Sauti ya Warfa ilitetemeka, na Sharifo hakuwahi kuisikia ikitetemeka, hata siku ya mazishi ya baba. "Nilimuuliza, akanyamaza. Nami nikasema kimya ni ridhaa, nikawapa mkono watu. Miaka mitatu baadaye, ndani ya gari tunarudi nyumbani, akaniambia: adeer, siku ile sikunyamaza kwa kukubali, nilinyamaza kwa kukuogopa. Tangu siku hiyo mimi sipati usingizi mzuri. Leo sitaki kimya. Kimya kimenitosha. Fungua hiyo maiki yako, adeer, nisikie."

"Lakini yeye hapa ni fundi tu..." Hooyo alianza, kisha akaona uso wa bintiye, akaiweka simu mezani na kumshika bega. "Fungua, mama," akasema. "Sema."

Sharifo, aliyekijua kila kitufe cha Jamvi, hakukiona hata kimoja. Machozi yalikuwa yamejaza macho, skrini yote imekuwa ukungu. Alibonyeza pasipo, ukatokea mkono wa kuomba nafasi. Alibonyeza tena, likatokea dole gumba la pongezi. Mlango ulifunguka kidogo, Koome akachungulia na kikombe chake, akaelewa yote kwa jicho moja, akanyoosha kidole: kile cha chini, cha kushoto. Kisha akarudi nje na kufunga mlango taratibu.

Kitufe kikageuka kijani.

"Nimekubali, adeer," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akaona haitoshi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo ingesikika hata bila mtandao: "Namtaka Abdilatif. Hakuna aliyenilazimisha, na simuogopi mtu. Nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe."

Eldas ikalipuka kwa takbira, Diff ikaitikia, Hooyo Bishara akapiga kigelegele kilichomrudisha Koome mlangoni mbio. Katikati ya kelele zote hizo Sharifo alisikia kicheko kimoja, cha chini, chenye kulia ndani yake, na hakuhitaji picha kujua ni cha nani.

Elwak peke yake ndiyo iliyokuwa kimya.

"Adeer?" aliita kwa wasiwasi. "Adeer Warfa, umenisikia?"

"Nimekusikia, adeer," mzee akajibu, na alikuwa analia waziwazi. "Leo mtandao uko sawa kabisa."